Fundi Njoroge Hakuteleza

Ziwani, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kwanza nataka kujua mgongo wako unaendeleaje. Mama alinitumia maneno kwamba ukikaa kwenye kigoda tangu asubuhi, jioni huwezi kunyooka mpaka ushike mlango. Ile dawa ya kupaka niliyotuma na Kioko dereva ilifika? Na mvua je, imewafikia huko Wamunyu, au mawingu yamepita tu kama kawaida yake? Huku imenyesha mpaka matope yakaingia nyumbani kwa watu. Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, na mumewe bado anaendesha lori lake, ila siku hizi analalamika macho.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua ni Mwalimu Mshai atakayekusomea, na Kikamba chake bado ni kile cha sokoni. Mwalimu, asante sana kwa taabu hii. Nakuomba usome polepole, na mahali Baba atakaponyamaza, usiruke kwenda mbele.

Najua nimekaa miezi mingi bila kuandika. Sababu si uvivu. Nimesikia Musyoka amerudi nyumbani kupumzika. Huenda ameshapita hapo kwako, mkanywa chai, akakwambia kwamba msichana wako amemvunjia heshima mbele ya watu. Si uongo wote, Baba. Lakini jambo hili lina mwanzo, na ningependa ulisikie kutoka mwanzo.

Mwalimu hamjui Musyoka, basi nimweleze. Ni mtu wa Masii, rafiki ya Baba wa tangu ujana, na huku mjini ni msimamizi wa ujenzi. Ndiye aliyenileta Nairobi na kunitafutia kazi ya karani wa stoo. Tulikuwa tunajenga nyumba ya kupangisha huko mtaa wa Huruma, ghorofa tano. Nyumba za Huruma zimebanana hivi kwamba mtu akichota plasta kwa nguvu, matone yanaangukia sufuria ya jirani. Mimi nilikaa chini, kwenye kibanda cha mabati, nikiwa na ufunguo, daftari na kalamu. Mtu hapati msumari wala kamba wala mfuko wa simiti bila kupitia kwangu.

Baba, nakwambia ukweli, niliipenda ile kazi. Ulikuwa ukisema nina maswali mengi kuliko kuku aliyefungiwa, na pale kila kitu kilikuwa swali. Kwa nini slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, inamwagiwa maji siku saba wakati ishakauka? Wakaniambia simiti ikinyimwa maji inapasuka. Kwa nini mbao za kushikilia slabu zinapakwa oili chafu ya magari? Ili simiti isizing'ang'anie, mbao zibanduliwe na kutumika tena ghorofa inayofuata. Kila jibu lilinifurahisha, nikalitia kichwani.

Kuna majibu mengine hayakunifurahisha. Kwenye stoo kulikuwa na kofia ngumu mbili, zimening'inia ukutani, na kwenye daftari zimeandikwa: za wageni. Mafundi wenyewe walijishonea kofia za karatasi ya mfuko wa simiti. Siku moja nikamuuliza Musyoka, "Kwa nini kofia ni za wageni peke yao?"

Akasema, "Mgeni hajui mahali pa kutokanyaga."

Nilicheka, maana aliisema vizuri. Lakini jioni nikirudi nyumbani kwa miguu kufuata barabara ya Juja, nikajiuliza: na kama kitu kikitoka juu, kinajua huyu ni mgeni na huyu ni mwenyeji? Musyoka mwenyewe hana vidole viwili vya mkono wa kushoto, unajua. Wapo waliovaa ndala na misumari imejaa chini. Kila wiki mtu alikuja kwangu kuomba kitambaa cha kufunga kidonda, na kitambaa hakikuwa kwenye orodha ya stoo, basi nikawa nakata leso yangu ya zamani vipande vipande.

Sasa nifike kwa Fundi Njoroge.

Njoroge ni mtu wa Murang'a, fundi wa plasta, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Amepiga plasta miaka ishirini. Anaishi hapo hapo Huruma na mkewe, Wangari, anayeuza mboga karibu na kituo. Ukuta wake ukiupitishia kiganja, hakikwami popote. Ndiye aliyenifundisha kusoma timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na hakuchoka na maswali yangu. Alinisalimia kwa mitindo ya vijana ili kunichekesha.

Asubuhi moja alikuja dirishani kwangu stoo. "Niaje, karani?"

"Poa, Fundi."

"Sikia. Zile mbao tunasimamia huko juu zimechoka. Zinanesa. Hebu nipatie mbili za hizo mpya."

Nyuma yangu kulikuwa na mbao mpya nane za saiprasi, bado zina harufu ya msitu. Zilikuwa za paa. Musyoka alikuwa ameniambia mara mbili: hizo zisiguswe, kontrakta amezihesabu.

Nikamjibu, "Hizo ni za paa, Fundi. Nimekatazwa."

Akacheka. "Sawa, karani. Nitakanyaga polepole."

Akaenda. Mimi nikaendelea kuhesabu misumari.

Mwalimu, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Kabla ya chai ya saa nne nilisikia kitu kikilia kama kuni inayovunjwa gotini. Halafu karai likagonga likishuka, mara mbili, mara tatu. Halafu kimya, hata redio ya Mama Kamau, yule mama anayetupikia, nilihisi kama imezimwa, ingawa haikuzimwa. Nilipotoka, Njoroge alikuwa amelala nusu juu ya mchanga, nusu juu ya mawe. Ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kama angeangukia mawe mwili mzima, nisingekuwa naandika barua ya namna hii. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeelekea mahali mguu hauelekei. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni.

Wakataka kitu cha kumbebea. Nikakimbia stoo nikatoa mlango mpya, bado una karatasi, tukamlaza juu yake, na pikapu ya jirani ikampeleka hospitali. Baadaye, nilipokuwa nikinawa mikono, ndipo jambo moja lilinipiga kifuani: mlango niliutoa bila kumuuliza mtu yeyote. Mbao mbili alizoomba kwa mdomo wake, nilimnyima.

Musyoka alisimama mbele ya watu akasema, "Ameteleza. Mambo ya mjengo hayo. Rudini kazini."

Hakuna aliyeona. Njoroge alikuwa ameelekea ukuta, na msaidizi wake alikuwa ameshuka kuchota plasta. Lakini kufikia saa sita kila mtu alisema ameteleza. Kufikia saa tisa walisema ana kizunguzungu cha siku nyingi. Wakati wa kutoka, mtu mmoja asiyemjua hata Njoroge mwenyewe alisema jana yake alikunywa. Nilishangaa, Baba. Asubuhi tulikuwa hatujui kitu, na jioni tulikuwa na sababu tatu, na hakuna hata mmoja aliyepanda kuangalia.

Mimi nilitaka kujua. Huenda ni ule moyo wangu wa kuulizauliza, huenda ni kwa sababu ya yale maneno ya dirishani yaliyokuwa yakinichoma. Kesho yake nikapanda mpaka ghorofa ya tatu. Pale aliposimama palikuwa na pengo, na ubao wenyewe haukuwapo. Nikauliza umeenda wapi. Kibarua mmoja akasema Musyoka aliamuru vipande vyote vipelekwe kwa Mama Kamau viwe kuni.

Nilishuka mbio. Mama Kamau alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya chai. Kipande kimoja cha ubao kilikuwa kimekwisha. Cha pili kilikuwa motoni, upande mmoja unawaka, ule uliovunjika bado uko nje. Nikauvuta.

"We msichana!" Mama Kamau akapiga kelele. "Chai haijachemka!"

"Nitakuletea kuni nyingine, Mama. Mara mbili ya hizi."

"Kuni ni kuni. Hiyo ina nini?"

Nikaumwagia maji, nikauweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, tukautazama wote wawili.

Baba, wewe umeshika mbao maisha yako yote, basi utanielewa haraka kuliko mtu yeyote huku. Ubao mzima ukivunjika leo, mahali pa kuvunjika huwa peupe, pana nyuzi, kama nyama ya kuku aliyechemshwa. Huu haukuwa hivyo. Kutoka chini kwenda juu, karibu robo tatu ya unene wake palikuwa peusi, laini, panang'aa. Nikanusa. Oili. Sehemu nyeupe ilikuwa juu kabisa, nyembamba kama kidole changu. Na kwenye ile sehemu nyeusi kulikuwa na matundu manne ya misumari, yamepangana kwa mstari mmoja kama mshono.

Mama Kamau akauliza, "Sasa inamaanisha nini?"

Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikijieleza mwenyewe. Ubao huu ulikuwa wa kushikilia slabu. Umetumika ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara umepigwa misumari, ukang'olewa, ukapakwa oili tena, na mwisho ukafanywa jukwaa la mafundi kusimamia. Ufa ulianzia upande wa chini, penye yale matundu. Oili haiingii ndani ya mbao isiyopasuka, inabaki juu juu. Hii iliingia kwa sababu ufa ulikuwapo tayari siku ubao ulipopakwa mara ya mwisho, wiki tatu kabla. Na oili hiyo hiyo ndiyo iliyouficha, kwa sababu ubao wote ulikuwa mweusi. Njoroge alikuwa amesimama juu ya unene wa kidole.

Mama Kamau alishika kiuno, akasema, "Na zile nyingine?"

Swali hilo sikuwa nimelifikia. Lilitoka kwake.

Siku mbili nilizunguka na nyundo ndogo nikigonga mbao za jukwaa, kama unavyogonga gogo kabla ya kulipasua. Mafundi walinicheka. "Karani anatafuta asali!" Nzuri ilikuwa inalia wazi. Mbovu ilikuwa inajibu kama chungu chenye ufa. Katika zile zilizokuwa juu na watu wamezisimamia, zilizonijibu vibaya zilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda. Nikaziweka alama ya chaki.

Musyoka aliziona alama. Akaniita pembeni, akanipa fomu ya ofisi ya kazi. Alikuwa ameijaza: fundi aliteleza kwa uzembe wake mwenyewe. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Weka sahihi hapa," akasema. "Ulikuwapo."

"Nilikuwa stoo."

"Stoo si ipo hapa?"

"Mzee Musyoka, ule ubao ulikuwa na ufa wa zamani. Niliuona."

Hakukasirika. Akashusha sauti, akaanza kuniambia kwa Kikamba, "Mwende, mimi ndiye niliyemwahidi baba yako nitakutunza. Hii nyumba ikisimamishwa, watu thelathini wanakwenda nyumbani. Mimi wa kwanza, wewe wa pili. Njoroge atapona. Unataka nini?"

Nikamwambia nataka kwanza nikamwone Njoroge. Shangazi naye nilipomsimulia alisema, "Una kazi na una ufunguo. Kuna wasichana wangapi hapa Ziwani wenye ufunguo? Nyamaza." Sikuwa na hakika kama amekosea.

Jumamosi mchana nikaenda hospitali. Njoroge alikuwa amefungwa plasta mguu mzima mpaka kiunoni, na mbavu zimezungushiwa bendeji. Wangari alikuwa kando yake akimenya chungwa. Aliponiona akajaribu kutabasamu. "Karani, umeona? Miaka ishirini napiga kuta plasta, leo nimepigwa mimi."

Tukacheka, naye akaumia mbavu kwa kucheka, tukaacha. Halafu akasema jambo ambalo limekaa nami mpaka leo.

"Mwende, wewe ni mtu wa kuuliza. Niambie. Ile asubuhi mimi siikumbuki. Nakumbuka chai nyumbani, halafu nakumbuka dari hii hapa. Kila anayekuja ananiambia niliteleza. Mke wangu ameanza kuniuliza kama nina kizunguzungu ninachomficha. Na mimi nimeanza kujiuliza. Nikilala hapa naukanyaga ule ubao kichwani, natafuta mguu wangu ulikosea wapi. Kama niliteleza, sawa, nitakubali. Lakini nisipojua, sitapanda tena. Fundi asiyeamini mguu wake hata ngazi ya kanisa haiwezi."

Nilikuwa nimefikiri mtu aliyevunjika anataka kwanza dawa, au fidia. Huyu alitaka kujua.

Nikamwambia, "Hukuteleza." Nikamweleza kila kitu: oili, misumari, ile sehemu nyeupe. Aliniuliza maswali ya kifundi, ufa ulikuwa unaelekea wapi, matundu yalikuwa mangapi. Nikimjibu, uso wake ulikuwa unalegea kidogo kidogo, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Wangari alifumba macho.

Sasa, Baba, ningeweza kuishia hapo. Yeye alikuwa hakumbuki asubuhi. Hakukumbuka dirisha langu. Hakuna mwingine aliyetusikia. Nilikaa pale nikiangalia maganda ya chungwa na nikajua kwamba nikitoka bila kusema, hakuna mtu duniani atakayejua.

Nikasema, "Fundi, ulikuja kwangu asubuhi hiyo. Uliniambia zimechoka. Uliniomba mbili mpya, nikakunyima."

Wangari aliacha kumenya. "Wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Mimi."

Akainuka, akaweka chungwa kitandani, akatoka. Kwa mwezi mzima baada ya hapo hakuitikia salamu yangu, na sikumlaumu.

Njoroge akauliza, na huo ndio mshangao wangu, "Nilipokuomba, nilikuwa nimekasirika au nilicheka?"

"Ulicheka. Ulisema utakanyaga polepole."

"Basi nilijua," akasema. "Nilijua zimechoka na nikapanda. Kama kila mara." Akaangalia mguu wake. "Hizo mpya ziko wapi sasa?"

"Bado ziko stoo."

"Na watu wanasimama wapi?"

Jibu alikuwa nalo.

Jumatatu asubuhi nilifungua stoo mapema kuliko siku zote. Nikazitoa zile mbao nane zote nikazipanga nje. Mafundi walipofika niliwaambia, "Fundi Njoroge hakuteleza. Ubao ulikuwa na ufa. Zenye alama ya chaki pia zina ufa. Chukueni hizi." Nikawaonyesha kile kipande nilichokitoa motoni. Kilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Wakazipandisha juu, na zile zenye chaki wakazitupa chini moja moja, na mbili kati yake zilipofika chini zilikatika katikati zenyewe.

Musyoka alipokuja, zilikuwa zimeshapigiliwa. Alinifuata mpaka stoo akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikampa. Mkono aliounyoosha ni ule usio na vidole viwili. Akaona nauangalia. "Hivi viliondoka na msumeno mwaka wangu wa pili mjini," akasema. "Uliona mtu akiniletea fomu? Nilifunga na kitambaa nikamaliza siku. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi sisi."

"Na ulitaka iwe hivyo?" nikamuuliza. Naapa sikumuuliza kwa dharau. Nilitaka kujua.

Akauficha ule mkono mfukoni, akafunga stoo akaondoka, na mimi nikaenda nyumbani bila kazi.

Shangazi alinigombeza siku tatu. Siku ya nne nikafunga kile kipande cha ubao kwenye leso, nikaenda ofisi ya kazi mjini. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mkimya, ana miwani iliyofungwa na uzi. Alikigeuza kipande, akakinusa kama nilivyokinusa mimi, akauliza, "Nani alikufundisha kusoma mbao?"

Nikasema, "Baba yangu ni mchongaji."

Akaandika. Sijui kama aliandika hilo, lakini aliandika kwa muda mrefu.

Alikuja Huruma baada ya siku tisa. Sikuwapo, mafundi walinisimulia. Alipanda mwenyewe mpaka juu, mtu mzima na miwani yake, akagonga mbao kwa ufunguo wa mlango. Akasimamisha kazi wiki moja. Zile mbao zote za slabu zikakatazwa kusimamiwa na mtu, jukwaa likafungwa upya, na pembeni yake ukapigiliwa ubao wa kumzuia mtu kiunoni, kitu ambacho mafundi wengine walikuwa hawajawahi kukiona. Watu thelathini hawakupoteza kazi. Walipoteza wiki moja, na wapo walionilaani kwa hiyo wiki, nisikufiche. Ile fomu iliandikwa upya bila neno uzembe, na kesi ya Njoroge inaendelea. Zile kofia mbili nasikia bado zimening'inia.

Mimi sikurudishwa. Stoo alipewa mtu mwingine. Musyoka naye aliambiwa aende nyumbani apumzike, na sijui kama atarudi. Kwa hiyo akija hapo, Baba, usimfukuze na usimsute. Mpe chai. Aliniletea kazi wakati hakuna mwingine aliyenikumbuka, na siku ya mwisho niliona kwamba yale maneno yangu yalimwingia. Ila nina swali, na wewe tu unaweza kunijibu: mlipokuwa vijana, kabla hajaja mjini, alikuwa mtu wa kuogopa kuuliza? Au mji ndio uliomfundisha? Nataka sana kujua, kwa sababu nami niliishi na ufunguo mfukoni miezi minane, na ona ulivyonifundisha kusema "nimekatazwa" kwa haraka.

Baada ya miezi minne, Njoroge alitolewa plasta. Anatembea kwa magongo. Jumapili iliyopita aliniita nyumbani kwake Huruma, na Wangari mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Alinitazama, akasema, "Ingia, chai itapoa." Nikaingia. Baada ya chai Njoroge akasema twende tukauone ukuta wake. Tukaenda polepole, kila mtu njiani anamsimamisha kumsalimia. Nyumba imeshaezekwa. Mlinzi akatufungulia.

Chini, uani, kulikuwa na ubao umewekwa juu ya matofali mawili, si juu kuliko goti. Njoroge akausogelea. Akampa Wangari gongo moja, halafu la pili.

"Baba Wanjiku, wacha," Wangari akasema. "Daktari amesema nini?"

"Daktari hakusema chochote juu ya matofali mawili."

Akaukanyaga kwa mguu mzima. Kisha, akiwa ameshika bega langu, akaupandisha ule mwingine. Nilihisi uzito wake wote begani, halafu ukapungua, halafu ukaondoka. Alikuwa ameniachia. Akasimama pale juu peke yake, mikono ameitanua kidogo, akiangalia miguu yake miwili kama anayehesabu watoto waliorudi nyumbani.

"Haitelezi," akasema.

Wangari alikuwa ameyakumbatia magongo kifuani, analia na kucheka.

Baba, hizo ndizo habari zangu. Kesho naanza kazi mahali pengine, nyumba ndogo inajengwa huko mtaa uitwao Tena, mafundi wa Huruma ndio walionipendekeza. Mwenye nyumba amesema nitashika stoo. Nimemwambia kabla sijapokea ufunguo nataka kwanza anionyeshe watu watasimama juu ya nini. Alishangaa, lakini amekubali.

Msalimie Mama, umwambie ninakula vizuri na Shangazi ameacha kunigombeza. Msalimie kaka Muthiani na mkewe, na mtoto wao mpya ambaye bado sijamwona, mniambie anafanana na nani. Msalimie Nyanya, umpe mkono kwa niaba yangu, na wale wachongaji wenzako mnaokaa nao barazani. Mwalimu Mshai, Mungu akubariki kwa sauti yako. Kama kuna mahali Baba ametoa miwani akaifuta, nakuomba uniandikie ni wapi.

Ni mimi binti yako,
Mwende wa Kilonzo